Milimita 67, mahandaki ya Mlimba, na kazi kubwa ya uhandisi tunayoipita usiku tumelala

Mwalimu_Uyole

Wakuu, salaam.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Mbeya. Wiki iliyopita nilikuwa na kidato cha tatu kwenye mada ya msuguano, nikawaomba wanitajie kazi kubwa za kihandisi duniani. Wakataja mnara wa Eiffel, Mfereji wa Suez, roketi iliyopeleka watu mwezini mwaka 1969. Majibu mazuri. Nikasubiri mmoja ataje reli ambayo honi yake tunaisikia tukiwa darasani. Kimya. Nilipowaambia kwamba TAZARA yote, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilele chake kiko hapahapa Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, walidhani nawadanganya. Iliniuma, ndiyo maana naandika.

Urefu wa reli ile si hoja yangu. Kilomita nyingi kwenye tambarare ni pesa na uvumilivu. Hoja yangu ni kipande kimoja, cha kutoka Mlimba hadi Makambako, kama kilomita 150 hivi. Nadai mbele yenu kwamba kipande hicho kinastahili kutajwa pamoja na kazi kubwa za karne ya 20.

Anzeni na gurudumu. Treni hubeba mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo kwa sababu chuma kinabingirika juu ya chuma kwa ukinzani mdogo sana. Treni ya tani 1,000 kwenye tambarare unaivuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani mbili, tatu hivi. Sasa ielekeze mlimani, hata mwinuko mdogo wa mita 2 kwa kila mita 100, ambao mtu akitembea kwa miguu hauhisi. Papo hapo unadaiwa tani 20 za ziada. Na chuma kilekile kilichokusaidia bondeni kinakugeuka, maana kina utelezi, magurudumu yanazunguka bure. Ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga wa kumwaga juu ya reli mbele ya gurudumu.

Kwa hiyo reli haiwezi kuukabili mlima uso kwa uso kama lori. Lazima iuzunguke, itoboe, iruke mabonde, ikiiba mwinuko kidogo kidogo. Na hapo Mlimba unatoka bonde la Kilombero, joto na mpunga, unatakiwa ufike Makambako kwenye ukungu na viazi. Ni zaidi ya mita elfu moja za kupanda kwenye miamba, misitu na makorongo ambayo mvua yake haina huruma. Reli nzima ina mahandaki zaidi ya 20, na mengi yamo humo. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50 kila moja, sawa na jengo la ghorofa kumi na tano. Handaki la Irangi namba 3 lina karibu mita 800 ndani ya mwamba.

Tazameni tarehe. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Kilomita 502 za kwanza, Dar hadi Mlimba, zilikamilika Novemba 1971. Mwaka mmoja na kidogo tu! Kutoka Mlimba hadi Tunduma hazifiki hata 480, lakini reli iligusa mpaka Agosti 1973. Mlima ulidai muda wake.

Na wengi wetu tunaopanda treni kutoka Dar tunapita pale usiku, tumelala.

Karibuni. Hasa nawaomba waliowahi kufanya kazi kule waseme.

---

Binti_Ilula

Mwalimu, asante kwa uzi. Nina swali ambalo sisi watu wa Iringa tunalo tangu utotoni. Kwa nini reli ilituruka? Barabara kuu imepita Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Ilula, Iringa mjini, Mafinga, ndiyo ikafika Makambako. Reli ikazunguka huko Ifakara, tukakutana nayo Makambako kama wageni. Bibi yangu alikuwa akisema ni siasa.

---

Dereva_wa_Kitonga

Dada, mimi nimepandisha Kitonga miaka 22 na semi, acha nikujibu kwa mguu wangu wa kulia. Pale unaingia gia ya chini kabisa, unatembea mwendo wa mtu, mkono mmoja upo tayari. Ukishuka huendi na breki ya miguu, unashuka na injini, la sivyo ukifika chini breki zinanuka moto. Sasa niambie treni ya mabehewa 30 ingepita wapi.

Pia tusisahau barabara hii ilitangulia kuteseka. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuwa yakiijia kwa njia ya kusini. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa mapipa juu ya malori, kupita hapahapa, barabara ikiwa ya vumbi na tope. Madereva wakaiita njia ya jehanamu. Waliotufundisha kazi ndio walioipita enzi hizo. Walituambia ukikwama masika unalala hapo siku tatu, unapika kando ya gurudumu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi 1968, kilomita 1,710 hadi Ndola, ndipo mapipa yalipopungua. Bomba nalo ni uhandisi mkubwa, Mwalimu, umelisahau.

---

Mwalimu_Uyole

Kweli kaka, nimelisahau, na linapita chini ya miguu yetu kila siku.

Binti_Ilula, sitasema siasa haikuwepo, maana hakuna reli isiyo na siasa. Lakini Dereva amelenga fizikia yenyewe. Mpira kwenye lami kavu unashika mara mbili, tatu kuliko chuma juu ya chuma, kwa hiyo barabara inaruhusiwa kupanda Kitonga ndani ya kilomita chache. Reli ukiitaka ipande ukuta huo kwa mwinuko inaouweza, inakuhitaji uwe na mahali pa kujikunja kwa makumi ya kilomita. Tena njia ya Kilombero inapita kwenye bonde la kilimo ambalo halikuwa na usafiri wa maana. Mwambie bibi kwamba ukuta huo ni uleule, ila barabara na reli ziliupanda kwa milango miwili tofauti.

---

Kijana_wa_Soweto_Mbeya

Mkuu, naheshimu hisia zako, lakini mimi sikubaliani. Hiyo ni kazi ya Wachina. Walikuja na wapimaji wao, wahandisi wao, reli zao, vichwa vyao vya treni, na mkopo wao. Sisi tulitoa ardhi. Ukiniambia ni hatua kubwa katika historia ya uhandisi wa China nitasaini. Kuiita yetu naona ni kujifariji. Tungekuwa na uhandisi wetu tungeitunza. Leo treni inachelewa siku nzima na hakuna anayeshtuka.

---

Mzee_wa_Mataruma

Kijana, hujambo. Nimesoma ulichoandika mara mbili, nami nitakujibu kwa utulivu, maana hata wanangu husema hivyohivyo.

Niliingia kazi ile mwaka 1972 nikitokea JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, nikiwa na miaka 19. Mwaka ule kazi ilikuwa imepamba moto, na hesabu zinazojulikana zinasema Wachina walikuwa kama 13,500 na sisi Waafrika 38,000. Zaidi ya Wachina 60 walifia kwenye reli hii, na Waafrika wenzetu pia walikufa. Hao huwezi kuwaweka kwenye fungu la "tulitoa ardhi".

Lakini sitaki nikuambie habari ya vifo, nataka nikuambie habari ya kujifunza. Mkalimani alikuwa mmoja kwa watu wengi, kwa hiyo fundi wa Kichina alifundisha kwa mikono. Anafanya, unatazama. Anakupa mtaimbo, unafanya, yeye anatazama. Ukikosea hasemi neno, anakung'oa pale, anafanya tena polepole. Mimi nililijua taruma, lile linalolazwa chini ya reli kuishikilia, kabla sijajua neno lake kwa lugha yoyote. Mataruma yetu ni ya zege. Mchwa hali zege, moto wa nyika hauchomi zege. Mtu aliyechagua zege kwa nchi yetu alikuwa ametazama nchi yetu.

Nikupe kitu kimoja cha karibu uone kama si uhandisi. Chuma hurefuka kwenye joto. Kipande cha reli cha mita 12 na nusu kikipata joto la nyuzi 30 zaidi, kinarefuka kama milimita 4. Ukiunganisha vipande bila nafasi, mchana wa Mlimba reli inajipinda kama nyoka na treni inaanguka. Ukiacha nafasi kubwa mno, usiku wa Makambako chuma kinasinyaa, boliti zinakatika. Kwa hiyo unapolaza reli unashika kwanza chuma chenyewe, unajua saa hiyo kina joto gani, ndipo unachagua kibao cha kuweka katikati, chembamba au kinene. Mnyapara wangu alikuwa Mbena wa Njombe ambaye darasa hakuliona. Alikuwa anaweka kiganja juu ya reli anatulia kidogo, kisha anasema "cha tatu" au "cha nne". Mchina akipima na kipimajoto, anakuta sawa. Baada ya miezi michache Mchina aliacha kumpima.

Huyo mnyapara alikuwa mhandisi au hakuwa?

---

Kijana_wa_Soweto_Mbeya

Shikamoo mzee. Alikuwa mhandisi. Hilo sikulijua na nimelipokea.

Lakini la matunzo nabaki nalo.

---

Mzee_wa_Mataruma

Marahaba. Na hapo kwenye matunzo niko upande wako.

---

Genge_la_Rujewa

Naomba nieleze hiyo milimita 67 ya kichwa cha uzi, maana Mwalimu kaiandika juu halafu kaiacha.

Pima kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa reli ya pili. Reli ya Kati waliyojenga Wajerumani, iliyofika Kigoma 1914, ni milimita 1,000. TAZARA ni 1,067. Tofauti ni upana wa vidole vinne vyangu. Kwa vidole vinne hivyo, behewa linalotoka Mwanza haliwezi kwenda Mbeya. Lazima mzigo ushushwe upakiwe upya, na mahali pa kufanya hivyo pakawekwa Kidatu, mwaka 1998. Miaka 22 baada ya reli kukabidhiwa!

Kwa nini 1,067? Kwa sababu Zambia na kusini yote wanatumia hicho, nayo TAZARA ilijengwa kuungana nao. Wao walikitoa Cape, Afrika Kusini, ambako serikali ya koloni ilikichagua mwaka 1873 ilipotaka kupandisha reli milimani kwa gharama nafuu. Na kabla ya hapo mhandisi wa Norway, Carl Pihl, alikuwa amefungua reli ya kipimo hicho mwaka 1862, kwa sababu nchi yake ni milima mitupu. Reli nyembamba inakata kona kali zaidi, inahitaji tuta dogo na handaki dogo. Wazungu wengi wakati ule walikuwa wanafuata kipimo cha mhandisi Mwingereza George Stephenson, 1,435, ambacho ndicho cha SGR, reli yetu mpya ya sasa. Kwa hiyo ukiona TAZARA inajikunja kule Uchindile, unaona wazo la mtu wa milima ya Norway likifanya kazi kwenye milima yetu. Mimi nikishika rula ya kupimia reli kazini huwa nalifikiria hilo.

Nchi moja sasa ina vipimo vitatu.

---

Mwalimu_Uyole

Genge, nimekopi kwa ajili ya darasa. Mzee wa Mataruma, kibao cha tatu na cha nne nitakifundisha Jumatatu kwenye mada ya kutanuka kwa yabisi.

Niongeze la vichwa vya treni, linahusu mlima huohuo. Vile vya kwanza vya Kichina, DFH, vya nguvu za farasi 2,000, vilipeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu kwa njia ya mafuta ya haidroliki. Milima hii ikavishinda, vikawa havivuti mzigo uliokusudiwa. Mwaka 1983 vikaanza kuja vingine kutoka kampuni ya Krupp ya Ujerumani Magharibi, ambavyo injini ya dizeli inazungusha jenereta na umeme unaendesha mota kwenye ekseli zenyewe. Nalisema hili kwa sababu wanafunzi hudhani mashine kubwa ikishajengwa imekwisha. Mlima huu uliendelea kuwasahihisha wahandisi miaka saba baada ya makabidhiano ya Julai 1976.

---

Maji_ya_Mufindi

Wadau, mmetaja reli, barabara na bomba. Ukuta huohuo wa mlima una mlango wa nne, nao unawasha taa mnazosomea uzi huu. Kihansi.

Mto Kihansi unatoka Mufindi taratibu, unafika ukingoni, unaanguka kuelekea Kilombero. Wahandisi waliuzuia kwa bwawa dogo huku juu, wakaupitisha ndani ya mlima na kuutoa chini kwenye mitambo, tofauti ya kimo mita 850 hivi. Hesabu ya Mwalimu inaingia hapa vizuri. Kila mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikiporomoka mita 850, ni megawati 8 na kidogo. Kwa hiyo kituo cha megawati 180, mitambo mitatu ya megawati 60, hakihitaji mto mkubwa wala bwawa la kutisha. Kituo cha umeme cha Kidatu kinatoa megawati 204, lakini kimo chake ni mita 175 tu, hivyo kinameza maji mengi sana. Kihansi kinaendeshwa na urefu wa ukuta, ukuta uleule uliowatesa akina Mzee wa Mataruma.

Ila sitaki nisifie nusu. Chini ya maporomoko yale kulikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anakaa juu ya ukucha wako, hazai mayai, anazaa watoto wakiwa vyura kamili. Alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996 tu, wakati mradi umeshaanza. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa mwaka 2000, manyunyu yakakatika. Wakaweka mabomba ya kunyunyizia, wakachukua vyura kama 500 kuwapeleka Marekani wakatunzwe kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Wazao wa wale 500 walirudishwa nchini 2010, wakaanza kuachiliwa korongoni 2012. Mimi ni mtu wa mitambo, lakini kwenye historia ya uhandisi wa kwetu yale mabomba ya manyunyu nayahesabu sawa na mitambo.

---

Mfipa_wa_Nkasi

Nasoma tangu juzi nikijiuliza mtafika lini kwenye chuma chenyewe. Mnaongelea chuma kana kwamba kilikuja na meli.

Kwetu Ufipa yapo malungu, matanuru ya udongo wa kichuguu, marefu kuliko mtu, kama mita 3. Machache bado yamesimama porini. Wazee walikuwa wanapanga mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka, wanawasha, na hawapulizi mivukuto. Chini kuna matundu kuzunguka tanuru lote. Hewa ya moto inapanda kwa sababu tanuru ni refu, inavuta hewa baridi kupitia matundu, moto unajilisha wenyewe. Mkaa nao unafanya kazi mbili, unachoma na unanyang'anya oksijeni kutoka kwenye jiwe ili chuma kibaki. Donge likitoka linapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, hapo ndipo mivukuto inaingia kulisafisha. Baada ya hapo ni jembe. Wanyiha nao waliyeyusha chuma, na Wakinga walijulikana kwa ufuaji.

Majembe ya dukani ndiyo yaliyoizima kazi hiyo. Babu yangu alikuwa akinionesha mabaki ya ilungu moja, matundu yake bado meusi ndani, unaingiza mkono unatoka na masizi.

---

Mzee_wa_Mataruma

Mfipa, umenigusa. Tulipokuwa tukikata tuta tulikuta mara nyingi mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyusha chuma, ardhini, mazito, yana mapovu kama mkate. Sisi vijana tuliyatupa na udongo. Mnyapara wetu yule wa kiganja aliokota moja akaweka kwenye mfuko wa shati.

---

Kijana_wa_Soweto_Mbeya

Mwalimu, nimebadilika kwa sehemu. Septemba 2024 marais wetu wawili, wa Tanzania na Zambia, walishuhudia kule Beijing kusainiwa kwa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Swali langu sasa ni hili: watakaposhika tena mahandaki yale na daraja la Mpanga, vijana wetu watakuwa wameshika nini mkononi? Mzee hapo alipewa mtaimbo akafundishwa. Mimi nina diploma ya ufundi mitambo, nimekaa Mbeya miaka mitatu nabadilisha pampu za bodaboda. Naomba wanaojua wanieleze maombi yanapitia wapi.

---

Genge_la_Rujewa

Njoo Rujewa uonane nasi. Ajira sikuahidi, lakini siku moja ukitembea na genge letu la kazi ya reli utajua kama kazi hii unaipenda. Uje na viatu vigumu, kokoto zinakula soli.

---

Binti_Ilula

Nimemsomea bibi uzi wote kwa sauti. Kwenye milango miwili amekubali. Anasema hata hivyo mlango wa Iringa ungependeza.

---

Mwalimu_Uyole

Mwambie bibi shikamoo yake nimeituma.

Wakuu, nimeongea na mkuu wa shule na wazazi. Mwezi ujao napeleka wanafunzi 24 Makambako kwa basi, pale tunapanda treni ya mchana na kushuka Mlimba. Kila mwanafunzi atakuwa na daftari la kuhesabu mahandaki, na kipimajoto cha maabara ili tuandike joto la kila stesheni. Mzee wa Mataruma, kama nimekuelewa unaishi hukohuko Mlimba. Unaweza kutupokea, uwaoneshe vibao?

---

Mzee_wa_Mataruma

Nitakuwepo stesheni. Kibao kimoja cha tatu ninacho nyumbani, kinazuia mlango usipigwe na upepo, nitakileta. Waambie watoto wavae nguo mbili, sweta la Makambako na fulana ya huku. Na wakikaribia Mpanga wasisimame wote upande mmoja wa dirisha, wapokezane, maana kila mmoja atataka kuona chini.